Jinsi ya kuandaa mashindano ya kimataifa ya mashua ndogo za tanga Kisumu

Upepo wa Ghuba ya Winam, kwenye Ziwa Victoria, una saa zake, na anayeandaa mashindano ya mashua za tanga Kisumu inabidi azijue kabla hajaandika hata barua moja ya mwaliko. Usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu ukielekea ziwani, tena mwepesi. Katikati ya asubuhi hufifia, tanga zikaning'inia. Kuanzia saa sita au saa saba mchana, nchi kavu ikishapata joto, unageuka na kuvuma kutoka ziwani, upande wa magharibi. Huo ndio upepo wa mbio. Alasiri ikiingia, mawingu huanza kujijenga juu ya milima ya Nandi, na kuna siku yanashuka na radi juu ya mji.

Kwa hiyo una saa nne hivi za kazi kwa siku. Ratiba yote, pamoja na hotuba, ngoma na chakula cha wadhamini, ipangwe kuzipisha saa hizo. Mgeni rasmi aje asubuhi, upepo ukiwa umelala, aseme atakayosema, kisha apande boti ya watazamaji. Ukimpa nafasi saa nane mchana, umempa upepo wako.

Kuhusu majira, epuka Machi hadi Mei, wakati wa mvua ndefu. Januari na Februari ni pazuri, na vilevile Julai hadi Septemba. Agosti ina faida ya ziada kwa sababu shule zimefunga, na wachezaji wengi wa mashua ndogo ni watoto.

Kwanza, nani ana haki ya kuandaa

Kaunti inaweza kudhamini, kampuni inaweza kulipa, hoteli inaweza kutoa vyumba, lakini sheria haiwaruhusu wao peke yao kuitisha mashindano. Kanuni za mbio hutolewa na World Sailing, chombo kinachosimamia mchezo huu duniani, na kanuni ya 89 inataka mwandaaji awe chama cha kitaifa cha mchezo huu, klabu iliyo chini ya chama hicho, au chama cha aina fulani ya mashua chenye idhini. Asiye mwanachama lazima ashirikiane na aliye mwanachama. Kisumu mji una klabu ya mashua na una wanaojua ziwa, kwa hiyo anzia hapo. Ukitaka jina la mashindano ya Afrika au ya dunia, utahitaji pia kibali cha chama cha kimataifa cha mashua husika, na hicho huombwa mapema sana, mara nyingi miaka kabla.

Kitabu cha kanuni hubadilika kila baada ya miaka minne. Kinachotumika sasa ni cha 2025 hadi 2028. Hakikisha kila ofisa ana toleo hilo, maana nakala za zamani hazikosi kwenye simu za watu, na ugomvi wa jioni huanza pale mmoja anaponukuu kanuni iliyokwisha kubadilishwa.

Aina za mashua

Usikaribishe kila chombo kinachoelea. Aina mbili zinatosha kwa mara ya kwanza. Optimist ni mashua ya mtoto mmoja, urefu mita 2.3, na mwisho wa kuishindania ni mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 15. ILCA, ambayo wengi bado wanaiita Laser, ni ya mtu mmoja pia, urefu mita 4.2 hivi, na ina tanga za ukubwa tatu juu ya bodi ileile: ILCA 4 yenye mita za mraba 4.7, ILCA 6 yenye 5.76 na ILCA 7 yenye 7.06. Uzuri wake ni kwamba bodi moja inamfaa msichana wa kilo 55 na mwanamume wa kilo 80 kwa kubadilisha tanga na sehemu ya chini ya mlingoti tu.

Suala gumu ni zinakotoka. Mgeni akileta mashua yake kwa kontena, itashukia Mombasa, ipitie forodha kama mali inayoingia kwa muda, kisha ipandishwe lori hadi Kisumu. Kila hatua ina karatasi na dhamana yake. Kwa mashindano ya watu wachache ni nafuu kukodisha mashua zilizopo nchini na Afrika Mashariki, mgeni aje na tanga lake na kamba zake kwenye mfuko. Ukikodisha, piga picha kila mashua ndani na nje mbele ya mgeni, akishika usukani aone hali yake, na aweke amana.

Karatasi mbili zinazotawala kila kitu

Ya kwanza ni Tangazo la Mashindano. Hutoka miezi kadhaa kabla, nayo ndiyo ahadi yako kwa mgeni: nani mwandaaji, kanuni zipi, nani anaruhusiwa, ada, tarehe, idadi ya mbio zilizopangwa, jinsi alama zitakavyohesabiwa, bima ya kugharimia madhara kwa wengine ambayo kila mmoja lazima awe nayo, na makubaliano ya mzazi kwa aliye chini ya miaka 18. Ya pili ni Maelekezo ya Mashindano, ambayo hupewa washindani kabla ya mbio ya kwanza na kueleza kinachotokea majini: njia ya mbio, rangi za maboya, muda wa mwisho wa kumaliza, ubao wa matangazo uko wapi, pingamizi liwasilishwe lini.

Andika saa kwa tarakimu za saa 24. Ukiandika "saa saba", Mkenya atafika mchana na Mholanzi atakusubiri ufukweni tangu alfajiri. Andika 1300, kisha kwenye mkutano wa kina mama wapishi na madereva wa boti sema saa saba, na kila mtu ataelewana na mwenzake.

Jambo moja la hapa kwetu liingie kwenye Maelekezo bila kukosa. Kanuni zinasema kizuizi ni kitu ambacho mashua, ikiwa inakielekea moja kwa moja na imebakiza urefu wake mmoja kukifikia, isingeweza kukipita bila kugeuka kwa kiasi kikubwa. Kisiwa cha gugumaji kinatimiza maelezo hayo, hivyo mashua mbili zikikikuta, ya nje inapaswa kumpa wa ndani nafasi ya kupita. Shada moja linaloelea halitimizi. Kuhusu vizimba vya samaki, usiwaachie mabaharia wakadirie: kanuni zinakuruhusu kutaja eneo kuwa kizuizi, au kupiga marufuku kuingia humo, kwa kuliandika kwenye Maelekezo na kulichora kwenye ramani.

Majirani wa ziwa

Hatua hii waandaaji wengi huiruka, halafu hushangaa. Eneo lako la mbio ni shamba la mtu. Nyavu za ngege hutegwa karibu na ufuo, boti za omena hurudi asubuhi, vizimba vinazidi kuongezeka, na meli za bandari zina njia yao. Nenda kwa wenyeviti wa BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia ufuo) za fuo unazozigusa, Dunga na jirani zake, ukiwa na ramani iliyochorwa, wala si simu. Waulize nyavu ziko wapi mwezi huo. Mkubaliane eneo liwe wazi kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na wavu ukikatwa nani analipa, kiasi gani. Andikeni, msaini. Kisha waajiri vijana wao. Mtu mwenye ujira kwenye mashindano hatatega wavu katikati ya njia yako.

Barua nyingine ni za kawaida: kaunti, Mamlaka ya Bandari, Mamlaka ya Bahari, Walinzi wa Pwani, polisi. Zipeleke mapema, uwe na nakala zenye mihuri kwenye boti ya kamati.

Gugumaji lenyewe halina mwenyekiti wa kuzungumza naye. Upepo wa mchana husukuma visiwa vyake kuelekea Kisumu, na ufuo uliokuwa wazi asubuhi unaweza kuzibwa kabisa jioni wakati watoto wanarudi. Tafuta sehemu ya pili ya kutokea na kuingilia, ufike uione, uhakikishe lori linafika. Kila asubuhi mtu mmoja apande mahali pa juu atazame. Mashua ikinasa shina la gugu kwenye ubao ulioshuka chini yake, huzorota ghafla bila sababu inayoonekana. Mfundishe mtoto kuinua ubao nusu, kulitikisa litoke, na kuushusha tena huku akitazama ukingo wa nyuma wa usukani ambako mizizi hubaki.

Viboko nao hawasajiliwi. Asubuhi mapema na jioni hukaa karibu na fuo, hasa upande wa Hippo Point. Mashua zisishuke kabla jua halijapanda, na zote ziwe nchi kavu kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Maofisa

Unahitaji ofisa mkuu wa mbio mmoja, mwenye uzoefu, ambaye akisema hakuna mbio basi hakuna mbio, hata mdhamini akinuna. Chini yake wawepo mtunza saa, wapeperushaji bendera, waandishi wa namba za tanga, na watu wa maboya. Mkaguzi wa mashua awe mtu huru, asiwe mzazi wa mshindani. Jopo la waamuzi husikiliza pingamizi. Ukitaka maamuzi yake yasikatiwe rufaa, liwe jopo la kimataifa lenye watu wasiopungua watano, wengi wao wakiwa waamuzi waliothibitishwa na World Sailing, wa mataifa mbalimbali. Tikiti zao za ndege na vyumba vyao ni gharama yako, kwa hiyo weka mstari huo kwenye bajeti mapema.

Wageni wote wanaohitaji idhini ya kuingia Kenya huiomba kwenye mtandao kabla ya kusafiri. Waandikie barua ya mwaliko yenye tarehe. Waambie pia kuhusu malaria, kichocho, na jua la ikweta ambalo hapa, mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, huchoma huku upepo ukikudanganya kwamba kuna baridi.

Ukaguzi wa siku moja kabla

Kila mashua ipite mezani. Kwenye Optimist tazama mifuko mitatu ya hewa: ijaze, iache nusu saa, uibonyeze tena. Kopo la kuchotea maji liwe limefungwa kwa kamba. Kamba ya kuvutia iwe moja isiyoungwa, inayoelea, unene wa milimita 5 na urefu wa mita 8 au zaidi. Jaketi la kuokoa liwe na filimbi, na limkae mtoto vizuri. Mshike mabegani pa jaketi umwinue, likimpanda hadi masikioni mpe jingine. Namba ya tanga ilingane na ya fomu. Andika, weka muhuri, endelea.

Kuanzisha mbio

Hapa ndipo mashindano hujulikana kama ni ya kimataifa au ni ya harambee.

Tia nanga boti ya kamati ukingoni mwa kulia mwa mstari ukiutazama upepo. Maji ya karibu na Kisumu ni ya kina kifupi na chini ni tope, hivyo tumia nanga yenye makucha mapana na mnyororo. Weka boya la mwisho wa kushoto, mstari ukikaribia kukatana na upepo mraba. Urefu wake uwe urefu wa mashua zote zikipangwa kichwa kwa mkia, na robo hadi nusu juu yake. Boya la kwanza liwe kule upepo unakotoka. Pima upepo kwa dakika kumi nzima kabla ya kuamini.

Dakika tano kabla, bendera ya aina ya mashua inapanda, honi moja. Dakika nne, bendera ya matayarisho inapanda, honi moja. Dakika moja, bendera ya matayarisho inashuka, honi moja ndefu. Sifuri, bendera ya aina ya mashua inashuka, honi moja, twende. Saa huhesabiwa kwa bendera; honi ikikataa kulia, mbio imeanza vilevile. Kwa hiyo mtunza saa asiangalie mashua hata mara moja. Ashike saa mbili, ahesabu kwa sauti "tano, nne, tatu, mbili, moja, shusha", na mwenye kamba asishushe kwa neno lingine lolote. Pembeni yake mtu mmoja asimame sawasawa na nguzo ya bendera ya rangi ya machungwa, jicho likipita mstari hadi kwenye boya, kinasa sauti kikiwa kimewashwa tangu dakika ya pili. Ataje namba anazoziona: "mia moja arobaini na mbili, nusu mashua mbele, sekunde tatu." Sauti hiyo ndiyo ushahidi wako baadaye.

Aliyevuka mapema akionekana, pandisha mara moja bendera X, nyeupe yenye msalaba wa buluu, kwa honi moja. Iache mpaka wote warudi kuanza upya, au dakika nne zipite. Wakivuka wengi usioweza kuwataja, pandisha pembetatu ya njano yenye ukingo wa buluu, honi mbili, wote wanarudi. Ikishuka kwa honi moja, dakika moja baadaye unaanza kuhesabu tena.

Watoto wakizidi ukaidi, badilisha bendera ya matayarisho. Badala ya P, ile ya kawaida, tumia U: atakayeingia dakika ya mwisho ndani ya pembetatu ya mstari na boya la kwanza ameondolewa, lakini mbio ikirudiwa anasamehewa. Bendera nyeusi haina msamaha huo. Mimi huanza na P, naenda kwenye U baada ya kurudisha mara moja, na nyeusi naiacha sandukuni kwa Optimist. Mtoto aliyetoka nchi nyingine kukaa ufukweni akitazama hajifunzi chochote.

Upepo ukigeuka kabla ya kuanza, pandisha bendera AP yenye mistari myekundu na myeupe, honi mbili, subirini. Ukiharibika mbio ikiendelea, bendera N ya mirabaraba ya buluu na nyeupe, honi tatu, mbio imefutwa. Usione haya kufuta. Mbio tano za haki zinazidi kumi za bahati.

Sheria ambazo kila mshindani azijue

Upepo ukikuingilia upande wa kushoto, mpishe ambaye unamwingilia wa kulia. Mkiwa upande mmoja mkiwa sambamba, aliye kwenye upepo ampishe aliye chini yake. Wa nyuma ampishe wa mbele. Kwenye boya, eneo la urefu wa mashua tatu hulizunguka, na mashua zikilifikia zikiwa sambamba, ya nje inampa wa ndani nafasi. Aliyekosea huzunguka mara mbili papo hapo na kuendelea. Aliyegusa boya huzunguka mara moja. Kusukuma mashua kwa kuyumbisha mwili au kupepea tanga hakuruhusiwi, na waamuzi wa majini hukuonyesha bendera ya njano.

Aliye hatarini lazima asaidiwe na yeyote awezaye. Hiyo ni kanuni ya 1 na haina mjadala.

Usalama

Kwa watoto weka boti moja ya uokoaji kwa kila mashua nane hadi kumi. Mtumbwi mrefu wa uvuvi wenye injini unafaa sana kubeba maboya na watazamaji, lakini kuta zake ni ndefu mno kumtoa mtoto majini. Kwa uokoaji tumia boti za mpira, dereva akiwa amejifunga kamba ya kuzimia injini mguuni. Mashua ikipinduka kabisa majini haya mafupi, mlingoti unaweza kuchoma tope na kunasa. Mtoe mtu kwanza, hesabu kichwa, mashua itasubiri.

Ufukweni weka ubao wa misumari yenye namba. Kila anayeshuka majini achukue kibao chake, akirudi akitundike. Msumari mtupu saa kumi na moja jioni maana yake boti zote za uokoaji zinarudi ziwani. Mteue mtu mmoja wa kutazama upande wa Nandi tu. Akisikia radi, usingoje kuona mvua: futa, wapeleke nchi kavu. Gari la wagonjwa liwe limeelekezwa tangu asubuhi njia ya hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga.

Alama na pingamizi

Wa kwanza anapata 1, wa pili 2, na kuendelea. Mwenye jumla ndogo ndiye bingwa. Asiyemaliza au aliyeondolewa anapata idadi ya waliosajiliwa na moja juu. Tuseme wamesajiliwa 38. Achieng anapata 2, 5, 1, 39, 3. Anatupa mbaya zaidi, 39, anabaki na 11. Mpinzani wake wa Uganda anapata 3, 3, 2, 4, 3. Anatupa 4, naye ana 11. Unapanga alama zao zilizobaki kutoka bora: 1, 2, 3, 5 dhidi ya 2, 3, 3, 3. Zinapotofautiana mara ya kwanza, bora anashinda. Achieng anachukua kikombe, na ukiwa hujalibandika jedwali hilo ukutani, utalieleza kwa wazazi hadi usiku.

Anayedai kuonewa lazima apaze sauti "Protest" mara tu tukio linapotokea. Kwa mashua zilizo chini ya mita 6 bendera nyekundu ya pingamizi haihitajiki. Kisha ajaze fomu ndani ya muda uliotajwa kwenye Maelekezo. Dakika 90 baada ya mashua ya mwisho kumaliza mbio ya mwisho ya siku zinatosha. Chumba cha jopo kiwe na meza, mashua za kuchezea za kuonyesha tukio, na mlango unaofungwa. Mtoto asiyejua Kiingereza apewe mkalimani, asiwe mzazi wake.

Kufunga

Matokeo yasitangazwe mpaka pingamizi la mwisho liamuliwe. Toa zawadi kwa haraka, wageni wengine wana ndege ya jioni. Rudisha amana baada ya kulinganisha mashua na picha za kwanza. Okota maboya yote na nanga zake, kwani nanga iliyoachwa itararua wavu wa mtu Jumatatu. Wavuvi ambao nyavu zao zilikatwa walipwe siku hiyohiyo, mwenyekiti wa BMU akiwepo, kabla sanduku la fedha halijafungwa.